Mji Mkongwe Unataka Wenye Kulala Humo

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba la Beit el Ajaib, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Kazi ya ukarabati ilikuwa inaendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Kwa siku kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine Unguja, barazani wala msikitini, na waliozaliwa visiwani wanaoishi Muscat au London walikesha kwenye simu wakiuliza kimebaki nini.

Huzuni ile ilikuwa ya haki. Lakini tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatuzililii nyumba nyengine. Kwenye vichochoro vya Kiponda, Malindi, Mkunazini na Kajificheni ziko nyumba ambazo hazikujengwa na sultani yeyote, nazo zinaondoka moja baada ya moja. Kuna zinazoondoka kwa mvua ya masika: paa linashuka ghorofani, ghorofa inashuka chini, na mtaa unabakiwa na kiwanja chenye magugu na paka. Na kuna zinazoondoka zikiwa zimesimama wima, zimepakwa rangi na mlango umesuguliwa mafuta, ila hamna tena mtu anayeishi ndani. Familia imehamia Fuoni au Mwanakwerekwe, na vyumba vimegawiwa wageni wa siku tatu. Nyumba ya aina ya pili haiandikwi gazetini, kwa sababu kwa macho inapendeza kuliko ilivyokuwa zamani.

Mimi nimekulia mji huu, na ninalotaka kulisema leo ni hili: Mji Mkongwe utaendelea kuwa mji iwapo watu wa kawaida wataendelea kulala humo na kulea watoto wao humo. Kila mradi, uwe wa uhifadhi au wa maendeleo, tuupime kwa kipimo hicho kabla ya kingine chochote. Je, ukishakamilika, familia ya mtu anayeuza samaki marikiti itaweza kuendelea kuishi hapa?

Kwanza tuliondoe wazo kwamba ukale na usasa ni maadui. Beit el Ajaib yenyewe, tunayoililia kama kielelezo cha ukale, ilipojengwa mwaka 1883 ilikuwa ndilo jengo la kisasa kuliko yote katika mwambao huu. Sultani aliyeijenga, Sayyid Barghash, alikuwa amekaa Bombay kama mtu aliyehamishwa kwa nguvu, akafika Uingereza mwaka 1875, na aliyoyaona huko hakuyaacha huko. Akaagiza nguzo za chuma kutoka ng'ambo ya bahari, akazisimamisha mbele ya ukuta wa matumbawe, na watu wakaliita jengo la maajabu kwa sababu hawakuwahi kuona kitu kama kile. Ni Barghash huyo huyo aliyevuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, watu wakachota maji safi mitaani mwao. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilipoibomoa Beit el Hukm, jumba la jirani, katika vita visivyofika saa nzima, mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya kasri nao ukaharibika, na saa ikapandishwa kwenye mnara mpya uliounganishwa na Beit el Ajaib. Saa hiyo ambayo vizazi vitatu vya Wazanzibari vimeipangia miadi ilikuwa ni kiraka kilichotiwa baada ya vita. Na mwaka 1905 hata treni ikaanza kutoka mjini kwenda Bububu.

Tazama na milango. Ile yenye kizingiti kilichonyooka ina mkono wa Waarabu, ile yenye upinde juu na nakshi nzito ina mkono wa mafundi wa Kihindi, na leo zote mbili tunaziita milango ya Kizanzibari bila kusita, na ni kweli. Zahanati kongwe pale bandarini ilianzishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, jiwe lake la kwanza likawekwa mwaka 1887. Mji huu haukuwahi kugoma kupokea kipya. Kila kilichokuja kwa meli ulikipokea, ukakikata kwa kipimo chake, ukakitia katika maisha ya watu wake. Kwa hiyo anayesema mji ugandishwe kama ulivyokuwa zama za masultani hazungumzii mji uliowahi kuwepo.

Na tusisahau upande wa pili wa hori. Kabla ya kufukiwa, maji ya bahari yaliingia hadi Darajani na kuutenga mji wa mawe na Ng'ambo, kulikokuwa na nyumba za udongo na makuti, walikoishi watumwa walioachwa huru, vibarua, wavuvi na wachuuzi. Waliojenga mji wa mawe, waliobeba mawe na kuchoma chokaa, wengi wao walirudi kulala Ng'ambo. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, alipanda jukwaa la taarabu kutoka Ng'ambo. Bi Kidude, mwimbaji mwengine wa taarabu aliyefariki mwaka 2013, aliishi Ng'ambo. Muziki tunaowapigia wageni Ngome Kongwe usiku umelelewa zaidi katika nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuziandikia kibao. Ndiyo maana nilifurahi serikali ilipoanzisha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo na kutuma watu kuandika historia ya mitaa ile, viwanja vyake vya mpira, miskiti yake, sinema zake na majumba ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Kuna wanaoyaona majumba yale kuwa ni doa. Mimi naona ni urithi kamili: kwa majumba hayo nchi hii ilimwambia mtu wa kibanda kwamba na yeye anastahili bomba la ndani na umeme. Yanataka kutunzwa kwa heshima ile ile tunayoipa Shangani.

Mapinduzi ya 1964 ndiyo pia yaliyoupa Mji Mkongwe sura uliyonayo leo. Wenye nyumba wengi waliondoka au waliondolewa, majumba yakawa ya serikali, na watu kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba wakaingia. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikabeba familia tano au sita, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji. Kodi ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna fedha iliyopatikana ya kuziba dari. Wapangaji hawakuwa na mali ya kutengeneza nyumba isiyokuwa yao, na serikali changa ilikuwa na hospitali na skuli za kujenga. Kufika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka kila masika. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuusimamia mji huu, katika miaka ya 1990 ukatolewa mpango mkuu wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, majengo zaidi ya 1,700 katika eneo ambalo mtu mzima analizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Bila ya hatua hizo leo tusingekuwa na cha kujadili, na waliozichukua wanastahili shukrani. Lakini sheria inayolinda ukuta haijui nani analala nyuma ya ukuta ule. Hapo ndipo tulipo sasa.

Ili kuelewa kwa nini mkaazi ni muhimu kuliko kibao cha urithi, lazima uijue nyumba yenyewe. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki sana zaidi ya mita tatu, vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, kisha hurowekwa na kuachwa muda mrefu hadi ilainike kabla fundi hajaigusa. Ukuta wa aina hii unapumua. Masika inapopiga unakunywa maji, na jua linapotoka unayatoa, na chumvi ya bahari inatoka nayo. Mchana wa Februari, Ng'ambo ikiwa inatokota chini ya mabati, ndani ya nyumba ya Hurumzi kuna baridi, kwa sababu ukuta mnene haujapata moto bado na kichochoro chembamba hakijaona jua. Dunia nzima sasa inatafuta namna ya kujenga nyumba zisizohitaji kiyoyozi mchana na usiku. Sisi tunazo, tumezirithi.

Sasa njoo na mfuko wa saruji. Saruji ni rahisi, inapatikana duka lolote na inakauka haraka, na fundi wa kawaida hajui kingine. Lakini inaufunga ukuta. Maji yaliyoingia kwa juu hayana pa kutokea, chumvi inakusanyika ndani, lipu inatoka kwa mabamba, na baya zaidi ni lile lisiloonekana: ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, inakaa kwenye unyevu mwaka baada ya mwaka hadi ioze. Dari haitoi onyo. Ongeza hapo choo cha kuvuta kilichotiwa ghorofa ya pili bila ya fundi kuuliza maji yatapita wapi, na tangi la plastiki la lita 1,000 juu ya paa, ambalo likijaa ni tani moja nzima kukalia boriti za miaka mia na ishirini. Nyumba nyingi zinazoanguka zinauliwa na vitu vidogo vya aina hii, vilivyofanywa na watu waliotaka tu kuoga nyumbani kwao kwa staha.

Mkaazi anayelala ndani ndiye anayesikia tone la kwanza usiku, anayeona mchwa amepanda kwenye kizingiti, anayejua kwamba bomba la jirani linavuja ukutani kwake. Hakuna ofisa wa uhifadhi, hata awe na moyo gani, anayeweza kuyaona hayo katika nyumba 1,700. Nyumba isiyolaliwa haina mlinzi wa aina hiyo, na nyumba ya wageni inaye kwa msimu wa biashara tu. Mwaka wa janga la korona tuliona hoteli ngapi zilizofungwa milango na kuachwa na popo.

Sisemi hoteli ziondoke. Baadhi ya majumba makubwa yasingesimama hadi leo kama hakuna aliyeyageuza hoteli, na vijana wengi wa mji huu wanakula kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita, na si vizuri kuidharau riziki ya watu. Lakini kila kitu kina kiasi. Mambo Msiige pale Shangani, nyumba ya katikati ya karne ya 19, ilipogeuzwa hoteli kubwa na kujengewa jengo jipya ubavuni, ulizuka mvutano na Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wa ujenzi ule. Mvutano ule ulihusu urefu na sura ya jengo. Ningependa siku moja tuvutane kwa sababu ya mtaa wote: nyumba ngapi za Shangani usiku wa leo zina mwenyeji anayewasha taa ya kusomea mtoto wake?

Mtaa unaopoteza wakaazi unapoteza vitu kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza anaondoka muuza mkate wa asubuhi, kwa sababu wateja wake wamehama. Kisha duka la mchele na mafuta linakuwa duka la picha za simba na tingatinga. Madrasa inapungukiwa na watoto, mwalimu anatafuta kwengine. Alfajiri msikiti wa mtaa unabakiwa na safu moja, na siku ya maziko hakuna wa kutosha kubeba jeneza kwa zamu. Mgeni aliyetoka mbali kuja kuona mji wa Waswahili anakuta wageni wenzake. Sokomuhogo bado hatujafika huko. Pale Jaws Corner wazee na vijana bado wanakunywa kahawa, wanacheza dhumna na kubishana siasa hadi usiku. Lakini wengi wa wale wanaokaa pale jioni, ukiwauliza wanalala wapi, watakutajia mitaa ya mbali. Wanakuja mjini kama wanavyokuja kazini.

Usasa unaofaa tumeshauona, na hauna budi kusifiwa. Forodhani ilipofanyiwa matengenezo na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, ilipata taa, mifereji na ukuta imara, na bado ikabaki ya watu. Jioni vijana bado wanapiga mbizi kutoka ukutani, na mama bado anawaleta watoto kula urojo na kupunga upepo bila ya kulipa kiingilio. Taasisi hiyo hiyo ilipoikarabati Zahanati Kongwe miaka ya 1990 iliwafundisha mafundi kazi ya chokaa na nakshi, na mpaka leo wapo wanaoishi kwa ujuzi ule. Ukuta wa bahari wa Mizingani uliimarishwa kupitia mradi wa huduma za miji wa Benki ya Dunia, na wakaazi wa Malindi wanajua maana yake bamvua inapopanda. Miradi hii mitatu ina kitu kimoja sawa: imemtengenezea mwenyeji pahala pa kuishi, na mgeni akafaidi kwa ziada.

Basi tuendelee kwa mwendo huo mpaka tufike chumbani. Mkaazi wa Mji Mkongwe anahitaji choo safi, maji yanayofika ghorofa ya juu bila ya tangi la tani moja, nyaya za umeme zisizoning'inia kwenye boriti kavu, na intaneti ya mtoto kusomea. Yote haya yanawezekana ndani ya nyumba ya chokaa, lakini yanahitaji michoro iliyotayarishwa na wanaojua. Serikali na Mamlaka wangeweza kuchapisha michoro hiyo kwa Kiswahili, bure, pamoja na kutuma fundi wa kumshauri mwenye nyumba kabla hajanunua saruji. Iwepo ghala ya chokaa iliyokwisha kurowekwa, inayouzwa kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida, kwa sababu hakuna anayeweza kungoja miezi wakati dari inavuja leo. Sehemu ya tozo tunazochukua kwa mtalii iende moja kwa moja kwenye mapaa ya wenyeji, kwa mkopo mwepesi usio na riba, mtu akalipa kidogo kidogo. Na kila mtaa uwekewe kiwango cha nyumba zinazoweza kugeuzwa za wageni, kikifika, basi.

Vespa na bodaboda nazo zinataka utaratibu. Vichochoro hivi vilipimwa kwa bega la hamali na mzigo wake, na mtoto anayetoka mlangoni mbio hana pa kukwepea. Mikokoteni na pikipiki za mizigo zipangiwe saa za alfajiri, halafu njia ibaki ya miguu. Hili halihitaji mfadhili.

Kubwa zaidi ni suala la nani mwenye mali. Nyumba nyingi za mji huu ni za serikali, chini ya Shirika la Nyumba, na nyingi nyengine ni wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu ni hazina ambayo miji mingi duniani ingeitamani: mtu aliitoa nyumba yake isiuzwe daima, faida yake iende msikitini, kwa mafakiri au kwa kizazi chake. Nyumba hizo zinaweza kuwa ngome ya mwisho ya wakaazi wa kipato kidogo, ikiwa kodi itawekwa ya kweli kiasi cha kulipia matengenezo, na matengenezo yakafanyika kila mwaka badala ya kungoja ukuta utoke tumbo. Wapangaji nao waache kudai kodi ya mwaka 1975 kwa nyumba ya leo. Hakuna nyumba inayojitengeneza yenyewe.

Halafu zipo nyumba za binafsi zenye warithi ishirini. Marehemu alifariki zamani, mirathi haikugawiwa, mmoja yuko Muscat, mwengine Dubai, watatu Uingereza, mmoja Toronto, na ufunguo uko kwa binamu wa Vuga ambaye hana amri ya kugonga hata msumari. Kila mmoja anaipenda nyumba ile na ana picha yake ukutani huko aliko. Dari inavuja, kila mtu anamngoja mwenzake.

Kwenu nyinyi warithi nasema kwa heshima, kwa sababu nyumba ni zenu na uchungu ni wenu. Kaeni kikao kabla ya masika ijayo, hata kwa simu. Nendeni kwa kadhi, mirathi isomwe, kila mwenye haki ajulikane. Chagueni msimamizi mmoja mumwamini, mchange, na fedha ya kwanza izibe paa, kabla ya rangi na kabla ya mlango. Na mkishamaliza kutengeneza, kabla hamjaitangaza nyumba kwa wageni, ulizeni kwanza mtaani kwenu. Wapo walimu, wauguzi wa hospitali ya Mnazi Mmoja na maharusi wapya wanaotafuta pa kukaa karibu na kazi zao. Wapangisheni hao.